Soko Lililochorwa kwa Chokaa

4 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mume wako na ile cherehani ambayo Baba husema unaipenda kuliko sisi sote. Mimi na Baba hatujambo. Goti lake limepona, ingawa bado anachechemea wageni wakiingia.

Naandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Tukishaulizana tumekula nini, nikifika tu penye neno "baraza", ghafla una mteja mlangoni. Shangazi, hakuna mshonaji duniani mwenye wateja wengi kiasi hicho. Barua huwezi kuikata.

Nakumbuka ulichosema Oktoba nilipokuambia nagombea udiwani. Ulisema mchoraji akae na rangi zake, siasa waachiwe wanaojua kudanganya. Nikashinda. Tangu siku hiyo hujanipa pole wala hongera.

Nimekabidhiwa kamati ya soko, kwa kuwa wengine waliikimbia. Soko letu liliungua mwaka juzi, na hadi leo wauzaji wanakaa kando ya barabara kuu, malori yakipita karibu na vidole vya miguu yao. Uwanja uko mtupu. Baraza limeamua kwamba kama hadi mwisho wa Juni hatutakuwa na mpango wa soko jipya uliokubaliwa na wauzaji na kupigiwa kura, uwanja utageuzwa maegesho ya magari. Basi nina miezi mitano. Asubuhi naendelea kuchora mapazia ya jukwaa pale ukumbini, mchana naingia barazani na rangi kwenye kucha. Kuna diwani wa siku nyingi, mcheshi, ambaye kila mtu anamwita Kipara na yeye anaitika. Mimi ananiita "Mheshimiwa Pazia". Mara ya kwanza nilicheka pamoja nao, nikajuta.

Mpango nimeshauchora, na nasema bila haya kuwa ni mzuri. Niliupeleka barabarani. Wauzaji wote waliusifu. Mama mmoja muuza nyanya aliushika kichwa chini, akautazama kwa muda, akasema, "Mwanangu, una mkono." Nikamuuliza meza yake iko wapi. Akanijibu, "Wewe ndiye uliyesoma."

Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea. Wataikubali karatasi wasiyoielewa kwa kuwa wananipenda. Hilo linanitisha kuliko wangeikataa.

Sikuombi uniunge mkono. Nakuomba useme neno.

Mtoto wako,
Madoa


27 Februari

Madoa,

Marahaba. Barua yako ilifika siku kumi zilizopita. Nilikuwa na gauni la bibi harusi ambaye kila wiki anaongezeka. Wengine hofu ya ndoa huwakondesha, huyu inamlisha. Wateja ni wengi, uamini usiamini.

Mume wangu amenunua baiskeli akiwa na miaka sitini na miwili. Ameanguka mara mbili, na mara zote mbili kosa lilikuwa la barabara.

Naona bado unajiita Madoa. Nilikupa jina hilo ulipokuwa darasa la pili, siku ulipoifuta brashi kwenye sketi niliyoishona kwa siku mbili. Lilikuwa tusi.

Kuhusu lile jambo sina la kusema. Nilisema Oktoba.

Ila huyo mama wa nyanya usimlaumu. Nakata nguo mwaka wa thelathini na moja huu, na sijawahi kumwonyesha mteja karatasi ya kukatia. Angeona nini? Namshikizia kitambaa kwa nyuzi za kutolewa, namvisha, namwambia aketi, ainue mikono, ainame kama anayeokota kitu. Ikimbana, mwili unasema kabla ya mdomo. Hapo ndipo nashona kweli. Mambo haya uliyaona tangu ulipokuwa na kimo cha meza yangu, sijui kwa nini unanisumbua.

Mfikishie kaka yangu salamu, na umwambie aache kuchechemea.

Shangazi yako


18 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Salamu zimefika. Baba alinuna, na kwa siku mbili nzima alitembea kama askari.

Mstari wako wa mwili unaosema kabla ya mdomo niliusoma nikiwa ukumbini, miguu peku juu ya pazia la hatua kumi na nane lililotandazwa sakafuni, brashi ya mpini mrefu mkononi. Nikatazama chini, nikaona haya. Sisi wakati wa mazoezi hatujengi nyumba jukwaani. Tunabandika utepe sakafuni: hapa mlango, hapa dirisha, hapa kitanda. Waigizaji wanaishi ndani ya utepe huo wiki tatu, na mlango ukiwa mwembamba tunajua kabla seremala hajashika msumeno. Nafanya hivi kila mwezi, na ilibidi mshonaji aliye mbali anikumbushe.

Jumamosi tulichora soko zima pale uwanjani, kwa ukubwa wake halisi. Niligawa mchoro wangu katika miraba, kila mraba ni hatua moja. Wenzangu wawili wa ukumbini wakavuta kamba, tukamwaga chokaa kwa makopo yaliyotobolewa. Kipara alikuja kutazama, mikono nyuma. "Mheshimiwa Pazia," akasema, "nyumba yako haihitaji hata kufagiwa." Nikamkaribisha ndani, ila apitie mlangoni. Akasita, Shangazi. Alitazama mistari, akatutazama sisi, akazunguka ukuta ambao haupo, akapitia mlangoni.

Wauzaji walifika zaidi ya mia mbili, wengine wamejitwisha meza zao. Mama wa nyanya alisimama ndani ya mraba wake, akanyoosha mikono, akampiga kofi la bega muuza vitunguu.

"Hapa nitagombana na huyu kila siku."

"Kwani sasa hamgombani?" wakamuuliza.

Tukausogeza mstari. Mzee wa samaki alimimina maji ya chupa chini, akayafuata kwa macho, nayo yakaenda moja kwa moja kwa wauza mikate. Wauza mikate wenyewe ndio waliosema, na wote kwa pamoja. Tukawahamisha.

Kwa saa nne sikuongoza chochote. Nilishika kopo nikaenda nilikoitwa, "Diwani, futa hapa," "Diwani, bado kidogo." Sijawahi kujiona mkubwa kama siku ile. Mwisho wake wauzaji walitia sahihi.

Kulikuwa na jambo dogo la wachukuzi. Nitalieleza siku nyingine.

Madoa


9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Harusi imepita. Gauni lilipasuka kwapani wakati wa kucheza, na mama wa bibi harusi amenitumia mtu kunieleza kwamba ndiyo dalili ya furaha. Baiskeli imeuzwa. Hatuizungumzii.

Barua yako nimeisoma mara moja. Pale Kipara alipopitia mlangoni nilimsomea jirani yangu mara tatu, lakini ni kwa sababu yeye ni mzito wa kusikia.

Jambo dogo la wachukuzi ni lipi? Likizo zako zote ulizimalizia chini ya meza yangu. Uliponivunjia mkasi wa kudarizia uliniambia kuna "jambo dogo la mkasi".

Andika.

Shangazi yako


11 Mei

Madoa,

Mwezi umepita. Baba yako anasema huli, na ukila unautazama ukuta. Siasa sikuulizi. Nauliza wachukuzi.

Shangazi


20 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo, na unisamehe. Barua hii nimeianza mara tano. Baba ni mzima. Kila jioni anakaa mlangoni kwangu akijifanya anasoma gazeti, na gazeti ni lilelile.

Wachukuzi walifika wa mwisho siku ile, wauzaji wakiwa wameshatia sahihi, wanaume wanane, magunia mgongoni, kwa kuwa niliwaomba waje na mizigo. Aliyewatangulia ni mtu mfupi mwenye shingo nene, wanamwita Winchi. Aliingia kwa lango kuu, akapita kati ya nyanya na vitunguu, akafika mwisho wa njia, akasimama.

"Diwani, natokea wapi?"

Nikamwambia ageuke.

"Nigeuke na gunia?"

Nyuma yake walikuwa wenzake saba, na nyuma yao watu wenye vikapu. Hakuna aliyeweza kwenda mbele wala kurudi. Walisimama pale kati ya mistari ya chokaa kama mfupa kooni. Ndipo nilipoona nilichokichora. Soko lenye uso mzuri unaotazama barabara, meza zote zimeelekea mbele, na nyuma hakuna kitu. Hakuna lango la mizigo, hakuna njia ya kutolea taka. Mkono wangu ulifika nyuma ukaona kazi imekwisha.

Nadhani unajua kwa nini. Miaka sita nachora nyumba zinazotazamwa upande mmoja. Nyuma ya pazia kuna fito na misumari, na hakuna anayekwenda kuangalia. Seremala asingelikosea hivi, wala fundi mlevi. Ni kosa lenye sura yangu.

Winchi hakucheka. Kipara alicheka kwa niaba ya wote. "Ametuchorea pazia," alisema, na safari hii alikuwa amesema kweli.

Jumatatu yake karani wa baraza aliniita ofisini kwake, akafunga dirisha. Alikuwa mwema, sitaki umfikirie vibaya. Alisema sahihi za wauzaji ninazo, kwa nini nirudi nyuma? Mambo ya lango la mizigo yataangaliwa wakati wa ujenzi. Kura itapita. Nikianza upya muda hautatosha, na Kipara atapata wimbo wa kuimba hadi uchaguzi ujao. Sikutakiwa kudanganya, Shangazi. Nilitakiwa kunyamaza tu.

Nilimwambia nitafikiri. Nikafikiri wiki nane. Ndani ya wiki hizo ndipo ulipokosa jibu. Niliogopa kwamba ulisema kweli Oktoba, na kwamba ili nidanganye sikuhitaji hata kufungua mdomo. Kila siku nilipita barabarani nikienda kazini, mama wa nyanya ananipungia mkono, nami nahesabu malori.

Jumanne iliyopita, zamu yangu ilipofika kikaoni, nilisimama. Hotuba niliyoiandaa niliiacha juu ya kiti. Nikasema: "Nimewachorea soko lisilo na mgongo, kwa kuwa kazi yangu ya asubuhi haina mgongo. Mchukuzi mmoja aliliona hilo kwa hatua arobaini. Nimekaa nalo wiki nane, na hizo ni wiki zenu, siyo zangu. Naomba uwanja tena. Na kabla ya kura naomba kila diwani aje atembee ndani ya soko hilo akiwa amebeba kitu."

Kipara akadakia: "Kubeba nini?"

"Chochote ambacho kwako ni kizito."

Walicheka. Sikujua wanamcheka nani, na kwa mara ya kwanza sikujali.

Wamenipa hadi tarehe 27 Juni. Asubuhi madiwani watatembea, mchana watapiga kura. Wakikwama tena, ni maegesho. Winchi sasa ni mjumbe wa kamati. Penseli haitaki, anachora kwa kisigino, na ameshahamisha nusu ya soko langu.

Sasa unajua jambo dogo la wachukuzi. Sema unachotaka kusema.

Madoa


4 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Kaka yangu ameniambia umekula sahani mbili. Vizuri. Hapa tu wazima, mume wangu sasa anafuga njiwa, ambao angalau wakianguka wanajua wafanye nini.

Mwaka wangu wa pili kazini nilimshonea mtu koti lenye mikono miwili ya kushoto. Alipolijaribu nikaona. Nikamwambia bega lake lina kasoro. Alikuwa mtu mpole. Alikwenda kuoa na koti hilo, ameinua bega moja kutwa nzima ili asiniharibie kazi. Tangu hapo kila tulipokutana njiani aliliinua kidogo. Ameshafariki, na alifariki akiamini. Sijamwambia mtu, hata mume wangu. Ukimwambia baba yako nitakana.

Wewe ulisimama. Mimi nilikuwa na mteja mmoja mpole mbele yangu na sikuweza.

Nilichosema Oktoba nilikisema Oktoba. Sasa ni Juni.

Vaa viatu vya bapa tarehe hiyo.

Shangazi yako


29 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Baba hajambo, ila sauti imemkauka, na sababu utaiona.

Alhamisi tulichora upya. Kazi ya kutwa, watu thelathini. Ijumaa ikanyesha mvua ambayo haijapata kunyesha mwezi kama huu, ikaendelea hadi alfajiri, chokaa yote ikaenda na maji. Jumamosi ndiyo ilikuwa tarehe 27. Madiwani walikuwa wafike saa tatu. Niliondoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu, mchoro kwapani, viatu vya bapa miguuni, Baba nyuma yangu bila kuchechemea. Njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kuomba wiki moja zaidi, nikijua hawatanipa.

Nilipofika uwanjani nilidhani watu wamekuja kuokota kitu kilichopotea. Wote walikuwa wameinama. Mchoro pekee ulikuwa kwapani kwangu, Shangazi, na wao walikuwa wanachora. "Mimi kutoka lango ni hatua kumi na nne, kisha nageukia kushoto." "Wewe nilikuwa nakusikia ukikohoa mgongoni kwangu, sogea." Mzee wa samaki alikuwa na chupa yake ya maji. Kila mtu alikuwa ameshika sehemu yake kwa miguu.

Mama wa nyanya aliongeza hatua moja. Muuza vitunguu alimwona.

"Hiyo si yako. Juzi uliishia hapa."

"Miguu imevimba kwa baridi."

"Basi ivimbie upande wa pili."

Waligeuka wanitazame. Nikafungua mdomo, lakini Winchi alikuwa ameshafika na gunia lake. Hakumhukumu mtu. Alijaribu kupita katikati yao mara moja, gunia likakwama kwenye kifua cha mama. Mama akalitazama gunia, akaitazama hatua yake, akaifuta mwenyewe kwa kisigino. "Nilikuwa napima tu," akasema. Watu wakacheka wakaendelea na kazi.

Hakuna aliyeniuliza kitu. Nilikunja mchoro, nikakaa juu ya ndoo iliyoinamishwa, nikawatazama. Nimeshaona mapazia yangu yakishangiliwa na ukumbi uliojaa. Haikuwa hivi.

Madiwani walikuja. Mama wa nyanya alimpakia Kipara kreti iliyojaa hadi juu, akamshika kiwiko kwa upole kama anayepeleka mgonjwa. Kipara akaingia kwa mbele, akapinda palipopindwa, akapishana na Winchi pasipo kuguswa, akatokea kwa nyuma jasho likimchuruzika. Baba alikuwa anawapigia kelele wote, "Pita kulia, pita kulia," kama vile kuna gari. Aliyewahi kuwa dereva hastaafu.

Kura ilikuwa kumi na nne kwa tano. Kipara alikataa. Alisimama akaeleza kwamba soko linapitika vizuri, hilo mgongo wake unalikiri, ila uso wa mbele wa soko si mzuri tena kama ule wa kwanza. Shangazi, ni kweli. Ule wa kwanza ulikuwa mzuri zaidi.

Watu walipotawanyika, mama wa nyanya alikuwa bado amesimama ndani ya mraba wake. Nikamuuliza anasubiri nini. Akasema hasubiri kitu, yuko kwake.

Msingi utaanza kuchimbwa Agosti. Nataka uje uone. Sijui kama utakuja, lakini nimeandika.

Madoa


22 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, na safari hii si uvivu wala si kiburi.

Hapa kwetu wanataka kuongeza chumba cha kujifungulia kwenye zahanati. Wameunda kamati. Mwenyekiti wake ni mshonaji mmoja mkaidi ambaye hakuomba. Walimchagua akiwa ametoka nje kidogo, na aliporudi wakakataa kurudia kura.

Daktari alileta ramani nzuri, ina hadi maua mlangoni. Mwenyekiti aliikunja, akaomba chokaa. Jumamosi tulichora chumba kile uwanjani. Tukamlaza mama wa miezi minane kwenye kitanda cha mistari, juu ya kanga mbili, tukamwambia ainuke bila kushikwa. Hakuweza. Kila alipogeuka goti lilikutana na ukuta. Daktari akavua koti lake jeupe, akachukua kopo, akausogeza ukuta mwenyewe. Jirani yangu mzito wa kusikia alipiga makofi kabla hajaambiwa kuna nini.

Agosti siwezi kuja, kamati yangu inakutana. Septemba nitakuja, na nitataka kuingilia kwa lango la mizigo.

Baadaye daktari aliniuliza nani alinifundisha kazi hii. Nikamwambia ni binti wa kaka yangu, mchoraji wa mapazia ya jukwaa. Nikamwambia pia ni diwani. Akauliza kama hao ni watu wawili. Nikamwambia ni mmoja, na kwamba mimi sioni ajabu.

Shangazi yako